fetchAll ya PDO: nzuri, ila usiitumie kama ilivyokuja

Wanaoandika mifumo ya SACCO, ada za shule na maduka ya dawa kwa PHP, kuanzia Kampala hadi Gulu, huiita fetchAll kila siku. Ni sehemu ya PDO, njia ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata, na kazi yake ni kuchukua majibu yote ya kweri (swali kwa hifadhidata) na kuyaweka ndani ya arei (orodha ya thamani) moja. Haina bei: PDO huja na PHP tangu toleo la 5.1, mradi kiendeshi cha pdo_mysql kimewashwa kwenye seva. Ni chombo kizuri. Tatizo ni jinsi kinavyofanya kazi usipokipa maelekezo.

Ukiandika `$st->fetchAll()` na kuishia hapo, kila mstari unarudi na thamani mara mbili, kwa jina la safu na kwa namba yake: `['jina' => 'Nakato', 0 => 'Nakato', 'akiba' => 350000, 1 => 350000]`. Ukiipeleka arei hiyo kwa json_encode, inayoigeuza kuwa maandishi ya kutumwa kwa simu, simu ya mteja inalipia data ya marudio. Dawa ni kuweka `PDO::ATTR_DEFAULT_FETCH_MODE => PDO::FETCH_ASSOC` mara moja, pale unapofungua muunganisho, ili majina ya safu tu yarudi. Hata hapo angalia JOIN, yaani kuunganisha majedwali. Kama jedwali la wanachama na la matawi yote yana safu `jina`, ya mwisho kwenye SELECT inaifuta ya kwanza kimyakimya, na mwanachama anageuka kuitwa Mbarara. Andika `matawi.jina AS tawi`.

Utamu wa fetchAll uko kwenye namna zake nyingine, ambazo wengi hawazigusi. FETCH_COLUMN hukupa safu moja tu kama orodha, na ni salama kuliko kuzungusha `while ($x = $st->fetchColumn())`, ambao husimama ukikutana na salio la 0 kwa kudhani data imekwisha. `FETCH_GROUP | FETCH_ASSOC` hupanga mistari kwa safu ya kwanza: anza na SELECT tawi, jina, akiba, kisha `$r['Jinja']` ni wanachama wote wa Jinja. Kitanzi cha mistari kumi ya msimbo hakihitajiki tena.

FETCH_KEY_PAIR ndiyo tunayoipenda zaidi, na ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Inataka safu mbili kamili, si tatu: ya kwanza inakuwa ufunguo, ya pili thamani. Kwa SELECT simu, akiba unapata daftari la salio kwa namba ya simu. Lakini PHP hugeuza ufunguo wowote unaofanana na namba kamili kuwa namba kamili. Kwa hiyo, kwenye seva ya biti 64, simu iliyoandikwa kwa 256 mbele inakuwa namba, na iliyoandikwa kwa 07 inabaki maandishi kwa sababu ya ile sifuri. Sasa unganisha orodha ya Kampala na ya Gulu kwa array_merge: zile za 256 zinapangwa upya 0, 1, 2, na simu zimepotea. Hakuna hitilafu wala onyo. Tumia array_replace, ambayo haigusi funguo. Simu ikiwa kwenye orodha zote mbili, ya pili ndiyo inayobaki. Vilevile, simu ikirudiwa ndani ya kweri yenyewe, mstari wa mwisho ndio unaobaki. Mke na mume wanaotumia laini moja wataonekana kama akaunti moja. Hapo ufunguo uwe namba ya uanachama. (Na simu ihifadhiwe kama VARCHAR, yaani maandishi, kwa kuwa INT, aina ya namba kamili ya MySQL, inaishia 2147483647, namba ya 256 haiingii.)

Kuhusu fedha: tangu PHP 8.1 safu za INT hurudi kama namba, lakini DECIMAL (namba zenye desimali) na jibu la SUM() (jumla) bado hurudi kama maandishi. Kulinganisha kwa `===` na 350000 kutakataa.

Kumbukumbu nayo. fetchAll hubeba kila kitu kwa pamoja, na kikomo cha kawaida cha PHP ni 128M. Miamala ya mobile money ya mwaka mzima ikizidi hapo utaona ujumbe wa baiti 134217728 na ukurasa mweupe. Wengine hukimbilia fetch() ndani ya kitanzi, wakashangaa bado kumbukumbu inapanda: kiendeshi cha MySQL huwa kimeshavuta majibu yote upande wa PHP. Inabidi uzime `PDO::MYSQL_ATTR_USE_BUFFERED_QUERY`, na ukishaizima huwezi kutuma kweri nyingine kwenye muunganisho uleule mpaka umalize kusoma ya kwanza. Ukijaribu, ni hitilafu namba 2014. Kwa ripoti ya mwezi, afadhali SUM na GROUP BY zifanyike ndani ya MySQL, kisha fetchAll ilete mistari michache ya majumla.

Walio kwenye mysqli, njia nyingine ya PHP ya kuzungumza na MySQL, wana fetch_all yao. Isipoelekezwa, hiyo hurudisha namba za safu tu bila majina, na haina namna ya KEY_PAIR wala GROUP. Kwa mfumo mpya, chukua PDO. Kwa wa zamani unaofanya kazi, ipe fetch_all MYSQLI_ASSOC ili ilete majina, na uuache mfumo kama ulivyo.