Bodi ya LMP91000 na sensa ya kaboni monoksidi: uzoefu wangu hapa Kisumu

Wale wamejaribu kutengeneza alamu ya gesi ya betri wanajua shida inaanzia wapi. Sensa za MQ, zile za gesi za bei rahisi kila duka la elektroniki linauza, ziko na hita ndani na hiyo hita inakula karibu miliampea 150 kwa volti 5 bila kupumzika, so betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya kuchaji) haimalizi hata siku. Sasa fikiria nyumba ya Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu, stima imepotea, mama anapikia jiko la makaa ndani na mlango umefungwa juu ya mvua. Alamu ya kuchomeka kwa soketi itamsaidia aje? Na moshi utauona, lakini kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Ndio nikahamia sensa ya kielektrokemikali ya miguu mitatu na bodi ndogo yenye chipu ya LMP91000 ya Texas Instruments. Hii sensa haina hita, inatoa tu mkondo kidogo sana, yangu ni kama nanoampea 70 kwa kila ppm (sehemu moja ya gesi kwa milioni ya hewa), na chipu inashikilia elektrodi kwa volti inayotakikana halafu inageuza huo mkondo uwe volti ya kusomwa na mikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya alamu. Kazi ya op-amp (chipu za kukuza ishara) kadhaa na rezista za kutafuta sasa iko ndani ya kitu ya milimita 4 kwa 4, unaipanga kwa I2C, yaani mawasiliano ya waya mbili, SDA na SCL, na mikrokontrola.

Kwa matumizi ya umeme hapo chipu imenifurahisha kabisa. Ikiwa inapima inakula kama mikroampea 10 hivi, na kwa vile sensa ya CO ikizimwa inachukua muda kutulia tena, mimi siizimi, mikrokontrola ndio inalala na kuamka kusoma.

Geini nayo, yaani rezista ya ndani inayoamua volti ngapi utapata kwa mkondo, usichague tu kubwa. Ukiweka 350k (kiloomu 350) unapata karibu milivolti 24.5 kwa ppm, inapendeza, lakini na volti 3.3 na ziro (volti ya kuanzia bila gesi) ya asilimia 20, volti inafika mwisho ukifika kama ppm 107. Nilichukua 120k, milivolti 8.4 kwa ppm, inafika ppm 300 na kitu, na hiyo ndio sehemu mtu anahitaji kuamshwa usingizini.

Muuzaji hakuweka karatasi yoyote kwa hivyo wacha niseme hapa: pini ya MENB, ya kuwasha mawasiliano, lazima iende graundi ndio I2C ijibu, na rejista (sehemu ya kuandika mipangilio ndani ya chipu) ya 0x01 ni kufuli, andika 0 hapo kwanza la sivyo rejista za mipangilio 0x10 na 0x11 hazibadiliki hata kama chipu inajibu vizuri. Pia ukimaliza kupiga solda sugua flaksi yote (ile dawa ya solda inayobaki) na spiriti. Hii ni mikondo ya nanoampea, uchafu kidogo na unyevu wa huku karibu na ziwa unatosha kuivujisha, nimeona namba zikitembea kwa hewa safi na baada ya kusafisha zikatulia.

Bei ya sensa na bodi ni mara kadhaa ya MQ, siwezi ficha, lakini kwa alamu ya betri nitanunua tena bila kufikiria. Uliza tu kama bodi inakuja na rezista za pull-up (za kuvuta waya juu kwa volti) kwa SDA na SCL, yangu haikuwa nazo nikaweka za kiloomu 10.