Chopa ya kuvuta kamba, miezi 8 mikononi mwa mtu mwenye dispraksia

Jamani hii chopa wengi mnaijua, kile kibakuli cha plastiki chenye mfuniko wa kamba, unavuta visu vinazunguka ndani, Kariakoo imejaa kila kona. Wengi wanaisifia kwamba inaokoa muda. Mi naandika kwa ajili ya yule ambaye kisu na kitunguu ni vita kila siku, vidole haviishi plasta na nyumbani kashazoea kuambiwa lete huku, utajikata.

Mi nina dispraksia. Ni hali unayokua nayo toka utotoni, ubongo unapata shida kupanga miendo ya mwili, yani mikono ina nguvu zake na akili ipo vizuri tu, ila shika hivi, geuza, kata, vile vitu vinavyotakiwa vifuatane vyenyewe kwangu havifuatani, kila kimoja nakifikiria upya. Jina lingine wanaita DCD, na inakadiriwa watoto 5 hadi 6 katika kila 100 wanayo na wengi wanaingia nayo ukubwani, sema ukiwa mtu mzima unaitwa mzembe basi, hakuna anayeuliza zaidi. Mi nimelijua hilo jina nina miaka 33. Nilimpeleka mwanangu kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo (hawa wanamsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kuvaa na kula, kozi yao ipo hospitali ya KCMC Moshi, wazazi mjue hii fani ipo nchini) maana alikua anashindwa kufunga vifungo vya shati la shule, yule dada akawa ananiuliza habari za mtoto, anamwaga chai? anajigonga kwenye milango? kulia na kushoto anachanganya? na kila nikijibu najikuta najijibia mimi mwenyewe. Nililia pale pale kwenye kiti.

Jioni mdogo wangu akaingia kwenye simu kusoma, akaniambia dada, kumbe hata Daniel Radcliffe yule mwigizaji Mwingereza alisema wazi mwaka 2008 kwamba anayo, kufunga kamba za viatu kunamsumbua. Sijui niseme nini, ila usiku ule nililala vizuri.

Nyuma huko nilishawahi kufanya kazi jikoni kwenye hoteli moja, sikumaliza miezi mitatu. Kukata kasi kama wenzangu siwezi, kubeba sahani nne siwezi, nikaambiwa kazi huitaki. Niliitaka sana ile kazi. Saivi napika sambusa na katlesi za oda, asubuhi napeleka maofisini, na sambusa ukiacha nyama ni vitunguu, vitunguu, vitunguu, kwa siku naweza kumaliza kilo mbili. Kwa kisu ilikua inanichukua saa nzima na zaidi, vipande vingine vikubwa kama kidole, mabega yanauma kwa kukaza, maana nikilegeza tu kitunguu kinateleza kwenye kibao.

Sasa chopa. Nilichukua ya visu vitatu kwa 15,000. Kitunguu nakigawa mara nne tu, nakitupia ndani, nafunika, navuta. Kuvuta kamba ni mwendo mmoja mkubwa wa mkono mzima, na hapo ndo siri yote ilipo kwa mtu kama mimi, kisu kinataka vidole kumi vielewane lakini kamba inataka bega tu livute. Mara sita unapata vipande vya sambusa, mara kumi na tano vinakua vidogo kabisa vya katlesi. Na unavuta kwa mwendo wako, sio kama blenda ukishtuka tu kitunguu kimeshakua uji, alafu umeme ukikatika kazi inaendelea. Kilo mbili saivi dakika ishirini na tano hivi, vidole vyangu vyote vizima. Tangawizi na vitunguu swaumu pia inasaga safi, kinu nimekiweka juu ya kabati.

Ina shida zake lakini. Mfuniko una vijino vya kuingia kwenye bakuli, lazima ulenge ndo ujifunge, na kulenga ndo kitu mikono yangu haitaki kabisa, wiki ya kwanza nilikua nauzungusha mpaka machozi yananilenga. Nikachukua rangi ya kucha nyekundu nikaweka nukta moja kwenye mfuniko na nyingine kwenye bakuli, sasa nakutanisha nyekundu na nyekundu nasikia "tak" imeingia. Fanyeni hivyo siku ile ile mnayonunua. Chini pia inateleza ukivuta kwa nguvu, mi natandika kitambaa kibichi kilichokamuliwa, haisogei.

Kuosha ndo kwa hatari. Vile visu ni vikali kweli na vinachomoka, usitie mkono kwenye povu kuvitafuta, nilijikata hivyo mara moja, mara moja tu ikatosha. Weka maji na tone la sabuni, funika, vuta kamba mara kumi vijioshe vyenyewe, alafu chomoa kwa kushika ile plastiki ya juu kabisa. Mfuniko usiuzamishe kwenye beseni, maji yakiingia kwenye springi kamba inaanza kurudi kivivu. Na kamba ivute imenyooka, ya kwangu ya kwanza niliivuta kiupande upande ikakatika mwezi wa nne, hii ninayoitumia sasa ni ya pili.

Kachumbari msijidanganye, nyanya zinakua mchuzi na vitunguu havitoki vile vyembamba virefu, hata cha kukaangia pilau sio kile. Hivyo mdogo wangu ndo ananikatia, na kukunja manda pia ni yeye, mi vijazo, kukaanga, oda na hesabu, hela tunagawana na hakuna anayemfanyia mwenzake hisani.

Kama ni ya biashara chukua ile kubwa, ndogo inaingia vitunguu viwili tu kwa mpigo. Na usilipe kabla hujafunga na kufungua mfuniko mwenyewe pale dukani, mara tano sita, muuzaji akikuharakisha mwambie asubiri. Vuta na kamba mara kumi, isiporudi yote yenyewe muombe akupe nyingine.