Kipima mionzi cha mkononi baada ya wiki tatu za kuhesabu
Kifaa hiki kinatumia mrija wa Geiger-Müller, yaani mrija wenye gesi unaotoa mlio mmoja kila unaponasa mnururisho, ambao kanuni yake haijabadilika tangu mwaka 1928, nami nimekitumia kupima mionzi ya asili pekee, yaani ile itokayo kwenye miamba, gesi ya radoni na miale ya anga za juu.

Nilikiweka juu ya meza ya mbao nikaandika idadi ya milio ya kila dakika: 14, 23, 19, 17, 26, 18, 21, 15, 22, 20. Asiyezoea angedhani ni kibovu, kumbe kinafanya kazi ipasavyo, kwani kila kiini cha atomi huvunjika kwa wakati wake bila kungoja kingine, na hesabu za matukio ya namna hiyo hufuata mgawanyo wa Poisson, kanuni ya hesabu ya matukio ya kubahatisha, ambao mkengeuko sanifu wake, yaani kiasi cha kawaida cha kuyumba kutoka kwenye wastani, ni kipeuo cha pili cha wastani. Wastani wangu ni 19.5, na kipeuo chake ni takriban 4.4, hivyo kuyumba kote huko ndiko kunakotarajiwa.

Kasoro yake kubwa iko kwenye kioo. Huonyesha mikrosiverti kwa saa, yaani kipimo cha dozi ya mionzi mwilini, hadi tarakimu mbili baada ya nukta, ilhali namba hiyo imekokotolewa kutokana na sekunde chache tu, na king'ora kimewekwa chini mno hata kililia mara mbili usiku pasipo sababu. Isitoshe, kugeuza milio kuwa dozi hutegemea nishati ya mionzi, ambayo mrija huu hauwezi kuitambua.

Ninachokithamini ni uwezo wa kuhesabu kwa muda uliopangwa. Saa nzima mezani ilinipa milio 1,174, yenye mkengeuko wa 34 hivi, karibu asilimia 3. Saa nyingine juu ya kipande cha itale, mwamba ambao huwa na potasiamu pamoja na urani na thoriamu kidogo, vyote vikitoa mionzi, ilinipa 1,391. Tofauti ni 217, na mkengeuko wake, ambao ni kipeuo cha pili cha jumla ya hesabu zote mbili, ni takriban 51. Tofauti inayozidi mkengeuko wake mara nne siwezi kuiita bahati. Kwa kipimo cha dakika moja nisingeiona kamwe.

Betri inadumu vizuri. Mnunuzi na azime king'ora, kisha apime mahali pake kwa saa nzima kabla ya kupima kitu kingine chochote; naye mtengenezaji angetusaidia sana kama angeonyesha mkengeuko kando ya kila namba.