Steshenari ya Mwanga: kutoa kopi nendeni, kile kitabu cha mitihani ya la saba kiacheni

Nianze na mazuri maana si vizuri kumharibia mtu biashara yote. Hii steshenari iko Mwanga ya hapa Kigoma, jina naliacha, kwa kutoa kopi wako vizuri sana, foleni inaenda, wino haupaki vidole, na yule kijana wa kaunta ana adabu, anakupa shikamoo mama kabla hujaweka karatasi mezani.

Shida ni kitabu. Binti yangu yuko la saba, nikatoka Ujiji na bajaji kufata mitihani ya kujipima, nikauziwa kitabu cha elfu saba, jalada limepigwa ile nembo ya bibi na bwana kabisa na maandishi makubwaaa MITIHANI YA TAIFA NA MAJIBU YAKE. Kijana akasema mama hii ndo inayotembea, walimu wenyewe wanachukua. Mi nani nibishe.

Usiku mtoto ananiita, mama mbona Hisabati hii maswali 50 na yote ya kuchagua? Shuleni wamezoeshwa 45, yani 40 ya kusiliba kwa penseli ya HB halafu matano ya mwisho unaandika mwenyewe kwa kalamu. Kumbe ni fomati ya zamani, wamevalisha jalada jipya tu. Na majibu ya nyuma sasa! Eneo la pembetatu, kitako sm 8, kimo sm 6, wameandika 48. Baba yake ni seremala, alicheka mpaka chai ikamwagika, jamani hiyo si ya mstatili, hawajagawa kwa mbili. Ila mimi sikucheka, maana mtoto alikuwa amepata 24 yake vizuri, akaifuta, akaandika 48 kwa sababu kitabu kimesema.

Mtihani wenyewe unalindwa jamani, Baraza la Mitihani lipo kisheria tangu 1973, karatasi zinasindikizwa na polisi, ukifanya udanganyifu matokeo yanafutwa. Hata vitabu vya kiada na ziada vinapita Taasisi ya Elimu kupata ithibati. Ila haya ya kujipima, ambayo ndo yanakaa na mtoto mwaka mzima, mwenye kompyuta na printa anachapa tu, hamna jina la mtunzi, hamna mwaka, hamna hata namba ya kumpigia umtukane kidogo.

Nikakirudisha. Kijana hakubisha, ila hela hairudi, nichague kitu kingine, nikabeba madaftari na penseli. Halafu nikamuuliza, mwanangu unaweza kuingia tovuti ya baraza ukanitolea fomati ya la saba? Hata dakika tano hazikuisha, kaichapa yote, mia mbili mbili kwa karatasi. Yani alikuwa anajua ilipo siku zote.

Kopi nyota nne, kitabu sifuri.