Homoni ya mizizi kwa miti migumu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Msimu mmoja nilinunua unga wa kuotesha mizizi uliofungwa kwenye kipakti cha nailoni, kama vile vya kutilia vidonge. Hakukuwa na lebo. Muuzaji aliniambia tu, "Huu ndio mkali." Nikachovya vipandikizi 200 vya mkangazi, yaani vipande vya shina vya kuotesha, nikavipanga kwenye sanduku la nailoni, nikasubiri. Wiki ya tatu nikachomoa kimoja: kitako kilikuwa cheusi, kinabonyea kama ndizi iliyolala. Cha pili hivyohivyo, cha kumi hivyohivyo. Alisema kweli, ulikuwa mkali. Tangu hapo sinunui homoni isiyoandikwa asilimia.

Kwenye lebo tafuta herufi tatu: IBA, NAA au IAA. Zote ni oksini, yaani homoni inayoamsha mizizi. IAA ndiyo mmea hujitengenezea wenyewe, lakini mwanga huiharibu na mmea nao huivunjavunja upesi, kwa hiyo kwa mti unaochelewa kutoa mizizi haifiki mbali. NAA hudumu zaidi, ila ukizidisha kidogo inaunguza. Kwa mvule, mkangazi na wenzao, anza na IBA. Lebo nyingine huandika ppm, yaani sehemu kwa milioni, badala ya asilimia. Hesabu ni rahisi: 10,000 ppm ni 1%, kwa hiyo 8,000 ppm ni 0.8%.

Kabla hela haijatoka mfukoni, jiulize kama unaihitaji kweli. Mitiki haihitaji. Mche wa mwaka mmoja, unene wa kidole, unakata shina ubaki sentimita mbili tatu juu ya shingo ya mzizi, unapunguza mzizi, unapanda kisiki hicho mvua zikianza. Mpingo nao huchipua kutoka kwenye mizizi yake. Na kama unataka kukata tawi la mvule aliouacha babu ukaliotesha, hakuna unga wa duka lolote utakaokusaidia. Mti mzima umeshasahau kutoa mizizi. Chukua vipandikizi kwenye miche michanga au kwenye machipukizi ya kisiki kilichokatwa. Nadhani nusu ya malalamiko ninayosikia kuhusu "dawa feki" ni matawi ya mti mzee.

Sasa tupange, kuanzia ninayoinunua mwenyewe.

1. Unga wa IBA 0.8%

Kwa kawaida unga hutengenezwa kwa nguvu tatu: 0.1% kwa mashina laini, 0.3% kwa yaliyokomaa nusu, 0.8% kwa miti migumu. Wengi huchukua 0.3% kwa kuwa ndiyo inayopatikana kila mahali. Mimi nachukua 0.8%, kwa sababu moja tu: ya 0.8% unaweza kuipunguza, ya 0.3% huwezi kuiongeza. Changanya sehemu moja ya unga na sehemu moja ya poda tupu ya talki, isiyo na manukato, upate 0.4%. Tikisa kwenye chupa kavu mpaka mkono uchoke, maana mchanganyiko usio sawa utakupa kipandikizi kimoja kilichoungua na kingine kisichoonja kitu. Mvule haupendi makali, na kwa machipukizi yake yenye majani hiyo 0.4% inatosha.

Ubaya wa unga ni kwamba haushiki sawasawa. Kitako kikiwa na maji unaganda kama uji, kikiwa kikavu unadondoka wote shimoni. Kifute kibaki na unyevu tu, chovya sentimita moja, gonga ukingoni kuondoa uliozidi. Toboa shimo kwa kijiti kwanza ndipo upande. Na usichovye kwenye kopo lenyewe, mimina kidogo pembeni. Kilichobaki kitupwe, kisirudishwe.

2. IBA ya chumvi ya potasiamu (K-IBA)

Kama unaotesha vipandikizi elfu na zaidi, hii iende namba moja. IBA ya kawaida haiyeyuki kwenye maji, inataka spiriti. Hii ya potasiamu inayeyuka kwenye maji yaliyochujwa. Gramu 3 kwa lita ni 3,000 ppm. Unachovya fungu zima kwa sekunde tano, na kila kitako kinapata kiasi kilekile, jambo ambalo unga hauwezi. Kikwazo ni mizani: ukitaka mililita 100 tu unahitaji gramu 0.3, na mizani ya jikoni haizioni, na ukikisia utarudi kwenye hadithi ya mkangazi wangu. Tengeneza ya kutumia siku hiyo tu.

3. Fuwele za IBA za kuyeyusha kwa spiriti

Kwa gramu moja, mara nyingi ndiyo nafuu kuliko zote. Kwa mililita 100 za 3,000 ppm, yeyusha gramu 0.3 kwenye mililita 50 za spiriti safi, kisha ongeza maji mililita 50. Usitumie spiriti ya rangi wala yenye mafuta. Spiriti ikizidi hukausha kitako cha chipukizi laini, kwa hiyo hii naiacha kwa mashina yaliyokomaa.

4. Jeli

Inashika vizuri, ni safi, haipeperuki. Nyingi ni za 0.3% na bei yake ni ya mtu mwenye maua kumi barazani.

Za kuacha dukani

Chupa zinazodai kuotesha mizizi, kukuza majani na kuleta matunda kwa mpigo mmoja. Soma nyuma: ukikuta jibarelini, irudishe rafuni. Hiyo hurefusha shina na huzuia mizizi kuanza. Maji ya dafu nayo yana saitokinini, inayohimiza machipukizi kuliko mizizi. Kunywa. Asali huzuia vijidudu kidogo, lakini si homoni.

Dukani, angalia tarehe ya mwisho na namba ya usajili, ya mamlaka inayosimamia viuatilifu: TPHPA kwa Tanzania, PCPB kwa Kenya. Likatae kopo lililokaa dirishani juani. Nyumbani liweke kwenye friji, limefungwa, mbali na chakula na watoto, na uandike juu yake siku uliyolifungua. Unapopima unga, vaa barakoa na glavu.

Kwa ndugu walioko Ulaya na Marekani wanaouliza kuhusu mwaloni: huo ni mgumu kuliko mvule wetu. Hata machipukizi ya mche mchanga huhitaji IBA kali, 5,000 mpaka 10,000 ppm, na mengi yanayotoa mizizi hufa kwenye baridi ya kwanza. Isipokuwa unataka mti fulani hasa na si mwingine, okota mbegu zake majani yakianza kupukutika, zitie kwenye ndoo ya maji, zinazoelea tupa. Zilizozama zipande mapema, usizianike: zikikauka zimekufa.