Nimefunga difuloki ya hewa nyuma kwenye Land Cruiser 80 ya zamani, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, nimekaa na hii difuloki, yaani kifaa kinachotumia hewa kufunga difu ili miguu miwili ya ekseli moja izunguke pamoja, miezi kumi na nne sasa, gari limeshatembea kama kilomita elfu 11 nayo, nadhani naweza kuiongelea bila ile hamu ya siku za kwanza ambapo kila kitu kipya ni kizuri.

Gari ni Land Cruiser 80 yenye 1HZ, ile dizeli ya 4.2 isiyo na tabo, fowili unaingiza mwenyewe kwa liva, na difu zote mbili (zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa miguu, yaani magurudumu, ya kushoto na kulia) zilikuwa za kawaida, hazijifungi. Mtu ambaye hajawahi kuendesha gari la hivi atakwambia fowili ni fowili, miguu minne inavuta, unataka nini tena. Aisee, miguu minne haivuti. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kushoto na kulia, sasa mguu mmoja ukiwa juu hewani au kwenye tope la utelezi hauna kitu cha kushikilia, unazunguka kwa nguvu kidogo sana, na kwa kuwa mgao ni sawa basi ule mwingine uliokanyaga ardhi nzuri nao unapata kidogo hicho hicho. Ukipita kwenye mashimo yaliyopishana, mguu wa nyuma kushoto unaning'inia na wa mbele kulia nao unaning'inia, gari limesimama pale linazungusha miguu miwili ya hewani na miwili iliyokanyaga chini imetulia kimya. Hiyo ndo ilikuwa shida yangu miaka yote.

Dawa yangu ya zamani ilikuwa kuvamia. Unarudi nyuma, unakanyaga mafuta, unaingia kwa kasi ili gari lipite kabla halijajua limekwama. Linapita kweli mara nyingi, ila kila ukitua unasikia chini kuna kitu kimelia, bushi zinaisha, shokapu zinavuja, na siku moja nilipinda stelingi rodi hapo hapo. Kuna na ule ujanja wa kuvuta hendibreki kidogo ili mguu unaozunguka bure upate upinzani na mwenzake apate nguvu, unasaidia kiasi maana hendibreki ya 80 inakamata miguu ya nyuma, lakini kwenye kilima kikali haufiki mbali nao.

Kuhusu kuchagua, nilipoteza muda mwingi kweli hapa. Difu ya LSD, ile inayopunguza tu mguu kuzunguka bure, nikaiacha mapema, ina sahani za msuguano zinazolika na umri na mguu ukiwa hewani kabisa bado haikufungii asilimia mia. Zile za kujifunga zenyewe kama Detroit Locker ya Eaton ni ngumu kama jiwe, hazina waya wala mpira wa hewa wa kuharibika, ila barabarani ukikata kona unasikia inatoa milio ya tak tak na gari linakuwa na tabia yake, ukiachia mafuta kwenye kona kipando kinasukumwa kidogo, na mimi gari hili linaendeshwa na mke wangu pia kwenye lami ya mvua, sikutaka. Kuna zile ndogo kama Lock-Right ambazo unatoa gia ndogo za ndani ya difu unaweka zao kwenye kasha lile lile la zamani, hizo ni rahisi kufunga maana hubadilishi kasha linalobeba krauni (ile gia kubwa ya difu), nazo ni za kujifunga zenyewe vilevile. Ya umeme ya Toyota wenyewe naipenda sana, 80 nyingine zilitoka nayo kiwandani mbele na nyuma zikiwa na kile kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi, tatizo kuihamishia kwenye ekseli ambayo haikuzaliwa nayo inabidi ukate na kurekebisha nyumba ya ekseli, sio kubadilisha tu difu na kufunga bolti. Nikabaki na ya hewa. Ukiizima ni difu ya kawaida kabisa, ukiiwasha ekseli inakuwa kama chuma kimoja, na kompresa unapata ya kujazia matairi juu yake.

Nyuma kwanza sio mbele, na hili nalisema kwa sababu naulizwa sana. Ukipanda kilima uzito unarudi nyuma, kwa hiyo miguu ya nyuma ndo yenye kazi. Ukifunga ya mbele stelingi inakuwa nzito vibaya na zile joint za mbele zinapata mateso ukikata kona huku umekanyaga mafuta.

Sasa ufungaji, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri kwa sababu kit nzuri ikifungwa vibaya ni hasara tupu. Difuloki ya hewa inabadilisha lile kasha zima la katikati linalobeba krauni. Pinioni, ile gia ndogo inayozungusha krauni, haiguswi, inabaki pale pale na kina chake, lakini krauni unaifungua kwenye kasha la zamani unaihamishia kwenye jipya, na ukishafanya hivyo lazima upime upya jinsi meno yanavyokutana. Kabla hata ya kununua hesabu kwanza meno ya kwenye ncha ya hafshafti zako (shafti zinazotoka kwenye difu kwenda kwenye miguu), zipo za 30 na zipo za 32, ukikosea kit haiingii na hakuna fundi wa kukusaidia hapo.

Fundi wa kwanza niliyempelekea nilimuuliza atapimaje, akanijibu anazungusha kwa mkono anasikiliza, miaka yote anafanya hivyo na hajawahi kurudishiwa gari. Nikashukuru nikaondoka. Sikumdharau, mkono wa fundi mzoefu unajua mengi, ila mchezo, yaani ule uwazi kati ya meno, wa krauni na pinioni kwenye difu hii ya nyuma ni milimita 0.15 mpaka 0.20, hakuna sikio la binadamu linalosikia sehemu tano za mia za milimita. Nikampata mwingine, mzee mmoja mpole ana geji yake ya kupimia anaitunza kwenye kitambaa kama yai, huyo ndo alifanya kazi.

Uzuri wa ekseli hii ya 80 ni fulifloti, yaani hafshafti unazivuta nje gari likiwa bado na hub na matairi yake, unafungua propela, unamwaga oili, difu nzima inatoka kwa mbele kama kichwa. Ni zito, tafuta jeki au mtu wa pili, usitake sifa. Mzee kabla ya kufungua kitu akapiga alama za nukta kwenye zile kofia za beringi, kushoto nukta moja kulia mbili, kwa sababu zilichongwa pamoja na nyumba yake, ukizipishanisha beringi hazikai sawa tena. Halafu kuna tundu la kutoboa kwenye nyumba ya difu kwa ajili ya kupitisha mrija wa hewa, kama milimita 11 hivi na kukata nyuzi, hapo alitoa kila kitu ndani kwanza ndo akatoboa, na baadae akaosha na kuosha mpaka nikaona anazidisha. Hakuzidisha, unga wa chuma kwenye beringi ni sumu.

Kipimo cha kwanza kikasoma 0.28. Akalegeza nati ya kurekebisha upande mmoja akakaza ya upande wa pili kiasi kile kile, ili krauni isogee kwenye pinioni bila kupoteza mkazo wa beringi. Ikaja 0.22. Akarudia. Ikaja 0.17, akapima sehemu nne tofauti za krauni akizungusha, zote zikawa karibu sawa. Baada ya hapo akapaka rangi kwenye meno akazungusha huku amezuia kwa kipande cha mbao, akaniita nione alama ilipokaa, katikati ya jino, haijakimbilia ncha wala shina. Kazi hii peke yake ilikula siku nzima na mimi nilikaa pale mwanzo mpaka mwisho. Siku nikiendesha mara ya kwanza nilizima redio nikasikiliza kwa mwendo wa 60, wa 80, nimekanyaga, nimeachia. Kimya. Meno yakikutana vibaya difu inalia kama nyuki, na mlio unabadilika ukikanyaga na ukiachia.

Mabaya yapo, nayasema. Mpira wa hewa ulifungwa karibu mno na ekzosi, mwezi wa pili ukalainika ukatoboka. Niligundua kwa sababu kompresa ilikuwa inawaka inazima inawaka inazima nikiwa nimefunga difu, wakati kama hakuna uvujaji inajaza mara moja inanyamaza. Nikamwagia maji ya sabuni mpira mzima, mapovu yakanionyesha. Nilikata kipande nikaunganisha, nikaupitisha juu ya chesisi upande usio na ekzosi na kuacha ulegevu wa kutosha pale ekseli inaposhuka. Lingine, oili ilianza kutoka kwenye tundu la kutolea hewa la ile valvu ya umeme inayoingiza na kutoa hewa ya difu, kila nikizima. Hiyo inatisha ukiiona mara ya kwanza, unafikiria sili za ndani zimekufa. Kwangu difu ilikuwa imejazwa oili kupita kiasi, tulipopunguza mpaka usawa wa tundu la kujazia ikaacha. Ikiendelea baada ya hapo basi kweli hewa inavuja ndani na difu inabidi ishuke tena. Na kompresa inakula umeme mwingi, ipitishie rilei na fyuzi moja kwa moja toka kwenye betri, usiunge kwenye waya wa sigareti.

Kwenye njia sasa. Kile kilima changu ambacho nilikuwa nakivamia, nilisimama chini, nikaweka lo (gia nzito za fowili za mwendo wa polepole), gia ya kwanza, nikabonyeza swichi, gari likasogea kama nusu mita nikasikia klak ndogo chini ya kiti cha nyuma. Nikaachia klachi nikatoa mguu kwenye mafuta kabisa. Likapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Mguu wa nyuma kushoto ukanyanyuka hewani kama kawaida yake, nao haukukimbia, ulizunguka taratibu sawa na mwenzake, gari likaendelea. Nilifika juu moyo hauendi mbio, hakuna jiwe lililoruka, hakuna kilicholia. Tangu siku hiyo sijavamia kitu, na ndo faida ambayo sikuitegemea kabisa, gari zima linadumu zaidi kwa sababu ya kitu kilichofungwa kwenye ekseli moja.

Lakini ifunge kabla hujakwama, mguu ukiwa haujaanza kuzunguka kwa kasi. Ukiiingiza huku mguu mmoja unavuma na mwingine umesimama unaomba meno yavunjike. Na ukimaliza izime. Ukikata kona ya robo duara na gari lenye upana wa mita 1.6 kati ya tairi na tairi, mguu wa nje unatembea karibu mita mbili na nusu zaidi ya wa ndani, sasa difu ikiwa imefungwa hizo mita mbili na nusu lazima zitoke mahali, kwenye tope tairi inateleza hakuna shida, kwenye lami zinatoka kwenye hafshafti. Wakati mwingine ukizima inakuwa haijaachia kwa sababu shafti bado zimejikaza, rudi nyuma kidogo huku stelingi imenyooka inaachia.

Kitu kimoja kilinishtua sikuambiwa na mtu: kwenye mteremko wa ubavuni wenye utelezi, difu ikiwa wazi mguu mmoja unazunguka na mwingine unashikilia nyuma isiondoke, ikiwa imefungwa yote miwili inateleza pamoja na nyuma ya gari inashuka chini pembeni. Sehemu kama hizo naizima, bora nikwame nikiwa nimesimama wima.

Ningeinunua tena? Ndio, bila kujadili, kwa mtu anayeenda porini kweli na gari la zamani lisilo na vifaa vya umeme vya kudhibiti utelezi. Ila kama matairi yako yamelika na hujawahi kupunguza upepo ukiingia kwenye mchanga, anza na hayo, utashangaa gari lako linafika wapi bila kufungua difu. Na kama hujapata fundi mwenye geji, iache kwenye boksi mpaka umpate.

Wiki hii namwaga oili ya nyuma, nitapitisha sumaku ndani ya beseni nione imeokota nini, mara ya mwisho ilikuwa unga mwembamba wa kijivu tu, hakuna kipande.