Solitaire, Namibia: sheli, pai ya epo na magari mabovu katikati ya jangwa

Kama unaenda Sossusvlei kuona ile milima ya mchanga mwekundu, ukitokea Windhoek au Walvis Bay uwezekano mkubwa utapita Solitaire, na ukipita simama, kwanza mafuta huko njiani ni ya kutafuta kwa tochi. Kwenye ramani imeandikwa kama mji vile, ukifika sasa unakuta sheli, duka, bekari, loji na sehemu ya kupiga hema, basi imeisha hiyo. Njia panda ya C14 na C19, zote changarawe, kwingine kote jangwa.

Sisi tulitokea Windhoek tukashukia Spreetshoogte, aisee ule mteremko ni balaa, magari yenye trela hayaruhusiwi kabisa, binamu yangu alikuwa kwenye usukani kashika gia namba moja mpaka chini na shangazi siti ya nyuma anavuta uradi tu hataki hata kuchungulia dirishani. Baada ya hapo rafu rodi ya mawimbi mawimbi mpaka meno yanagongana.

Kinachokupokea ni magari. Pale mbele kuna mabodi ya kizamani, Chevrolet, Ford, vipikapu vya enzi za babu zetu, matairi hayapo, yamekaa kwenye mchanga na kaktasi zimeota pembeni yake, kila mgeni anapiga picha na mimi nikapiga. Nilichungulia moja nikakuta usukani upo, siti imebaki springi tupu, ila bodi bado imesimama. Sie wa Tanga tunajua gari likikaa nje karibu na bahari chumvi inalila mpaka chesisi, kule hewa ni kavu mno yani kutu imepaka juu juu halafu kama imekata tamaa.

Haya tuje kwenye pai. Hii ndo imefanya Solitaire ijulikane dunia nzima, na aliyeipa umaarufu hiyo pai ni mzee mmoja Percy Cross McGregor, watu walikuwa wanamwita Moose, alifariki 2014 lakini bekari inaendelea. Inaokwa kwenye trei kubwa unakatiwa kipande cha mraba kizito kweli, katikati epo zimejaa na harufu ya mdalasini, juu kuna yale machengachenga ya siagi na sukari yanavunjika ukitia uma. Mi keki nyingi za hotelini naonaga zimezidi sukari, hii hapana, nilimaliza nikaanza kuangalia sahani ya binamu. Shangazi kasema wangetia na iliki ingekuwa hatari zaidi, sawa shangazi. Halafu nikawaza, Mjerumani katawala huku mpaka 1915 na kwetu alikuwepo miaka hiyo hiyo, wenzetu kawaachia mambo ya kuoka, sisi katuachia maboma na reli.

Ukila nje jiandae na kindi wa ardhini, wanakuja mpaka miguuni kuokota makombo, na jua likiwa kali wanageuza mkia juu ya mgongo wanajitilia kivuli wenyewe. Shangazi, yule yule wa uradi, alicheka mpaka chai ikapoa. Pia kuna ubao wameandika mvua ya kila mwaka kwa milimita, usiupite, utaelewa kwanini watu wa huko wakiona wingu wanatoka nje kuliangalia.

Kwa kukaa saa moja au mbili panatosha sana, ukifika mchana mabasi ya watalii yanajaa so wahi asubuhi. Randi ya Afrika Kusini inapokelewa sawa sawa na dola ya Namibia, usihangaike kubadilisha. Jaza tanki hata kama unaona bado lipo nusu, na kagua spea tairi KABLA hujatoka Windhoek, sisi tuliyopewa na waliotukodishia gari ilikuwa kipara, bahati nzuri hatukuihitaji. Nawapa nyota 4, ya tano nimeinyima barabara.

Ila kama shida yako ni kuona jua likichomoza kule kwenye mchanga usilale Solitaire, tafuta nafasi ndani ya geti la Sesriem, lile la kuingilia Sossusvlei, maana kutoka Solitaire mpaka hapo ni zaidi ya kilomita 80 za changarawe na gizani choroa wanakatiza barabara bila taarifa.